Watoto Likizoni: Tuache Nafasi Baina ya Swala na Swala



Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu wasomaji, muhula wa tatu wa shule unaelekea ukingoni na likizo ndefu ya mwisho wa mwaka i mlangoni. Kwetu watu wa Pwani, hii ndiyo likizo ya msimu wa joto. Mvua za vuli hupungua, upepo wa kaskazi huanza kuvuma, maembe huiva, na watoto hukaa nyumbani kwa takriban miezi miwili mpaka shule zifunguliwe Januari. Ni katika majuma haya ambapo matangazo hubandikwa kutani na kusambazwa katika simu za akina mama: kambi ya kuhifadhi Qur'ani, kambi ya kuogelea, kambi ya kompyuta, masomo ya ziada ya hesabu. Aghalabu huwa ni za kutwa nzima, kuanzia asubuhi hadi alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa.

Hatusemi kuwa mambo hayo ni mabaya. Kuhifadhi Qur'ani ni neema kubwa, na kujua kuogelea kwa mtoto wa mwambao ni ulinzi wa uhai wake. Lakini juma lililopita, baada ya darsa ya akina mama, mmoja wao alitujia na suala ambalo tunaamini linawasumbua wengi. Alisema: “Sheikh, wenzangu wote wameshaandikisha watoto wao. Mimi nina wawili, mmoja wa miaka 5 na mwengine wa miaka 8. Ada yao ni karibu faida yangu yote ya mwezi. Je, nikope kwenye chama? Ama nikikaa nao nyumbani nitakuwa nimewapunja haki yao?”

Jawabu letu lilikuwa kwamba asikope, na kwamba hakuwapunja. Lakini jawabu fupi namna hiyo halimtoshi mama mwenye miezi miwili mbele yake, watoto wawili ndani ya nyumba ya vyumba viwili, na karai la viazi la kuteleka kila alasiri ili apate riziki. Atauliza, na ana haki ya kuuliza: basi wakikaa nyumbani, watakaa vipi? Hilo ndilo tulilokusudia kulieleza leo.

Kauli yetu ni hii. Mtoto mdogo, tuseme wa baina ya miaka 4 na 9, hahitaji ratiba ya kila saa. Ahitaji siku yenye nguzo chache zisizohama, na baina ya nguzo hizo apate nafasi pana ya kucheza, ya kusaidia kazi, na hata ya kukaa bila ya jambo la kufanya. Nasi Waislamu nguzo hizo tumeshapewa bure. Ni swala tano.

Mchezo si wakati uliopotea

Wapo wazazi wanaoona kwamba mtoto anayecheza anapoteza umri wake. Tukiitazama sira ya Mtume (S.A.W.) hatukuti fikra hiyo. Mjukuu wake alimpanda mgongoni naye yuko katika sijida, akairefusha sijida hiyo, na baadaye akawaeleza masahaba kwamba hakupenda kumharakisha mtoto kabla hajamaliza haja yake. Abu Umair, ndugu yake mdogo Anas bin Malik (R.A.), alikuwa na kijindege akikichezea. Mtume akimtania kwa kumuuliza habari za kijindege hicho, akimwita kwa kuniya kana kwamba ni mtu mzima. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere wake na wenzake wa kucheza nao, na Mtume akiwaacha wacheze.

Kisa kinachotugusa zaidi ni cha Anas mwenyewe, aliyekuwa akimtumikia Mtume akiwa mtoto. Siku moja alitumwa haja. Njiani akawakuta watoto wanacheza sokoni, akasimama nao. Mara akahisi mtu amemshika kwa nyuma, na alipogeuka alimwona Mtume (S.A.W.) anatabasamu, akimwuliza kama ameshakwenda alikotumwa. Hakumkemea wala hakumwambia kwamba mchezo si kitu. Alimkumbusha kazi yake kwa upole, na Anas akaenda. Katika kisa hiki kifupi mzazi atapata yote mawili: mtoto ana kazi ya kufanya, na mtoto ana ruhusa ya kuwa mtoto.

Maulamaa wetu walilifahamu hili zamani. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na mwaka 1111 Miladia, ameeleza katika Ihya Ulum al-Din kwamba mtoto akitoka chuoni yafaa aachiwe acheze mchezo mwema, apumzike na uchovu wa masomo. Akaonya kwamba kumzuia mchezo na kumtwisha masomo daima huufisha moyo wake, huidumaza akili yake, na humfanya atafute hila za kuyakimbia masomo yenyewe. Maneno haya yameandikwa zaidi ya miaka 900 iliyopita, na mwalimu yeyote wa leo atakuambia ameyaona kwa macho yake.

Sisi tuliosomea vyuoni hapa Pwani twakumbuka pia desturi ya walimu wetu. Ikifika Alhamisi mchana mbao zilitundikwa na chuo kikafungwa, na Ijumaa ikawa ya mapumziko. Walimu wale hawakuwa wavivu, wala hawakuidharau elimu. Walijua kwamba kichwa cha mtoto ni kama shamba, halilimwi mfululizo bila ya kupumzishwa.

Serikali nayo imelitazama jambo hili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 37, imekataza mwanafunzi kulazimishwa masomo ya ziada wakati wa likizo. Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka 5, limeshauri kwamba mtoto wa miaka 3 na 4 apate angalau dakika 180 za kuchezesha mwili kila siku, alale baina ya saa 10 na 13 pamoja na usingizi wa mchana, na asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1. Tazama hesabu hiyo, kisha tazama siku ya mtoto anayeamshwa alfajiri kuwahi gari la shule, akatoka shule akaingia madrasa, akatoka madrasa akaingia kazi za ziada mpaka usiku. Mtoto huyo amemaliza mwaka mzima akidaiwa usingizi na mchezo. Likizo ndiyo wakati wa kumlipa.

Siku moja, swala tano

Mwenyezi Mungu ametuweka karibu na ikweta, na nyakati zetu za swala hazibadiliki sana mwaka mzima. Ndugu zetu walioko London, katika msimu wao wa joto, huswali Magharibi baada ya saa 3 usiku, na mtoto mdogo huwa ameshapitiwa na usingizi. Kwetu Magharibi huingia baina ya saa 12 na saa 1 jioni, mwaka nenda mwaka rudi. Kwa hivyo adhana za mtaani zaweza kuwa saa ya mtoto hata kama hajajua kusoma saa ya ukutani. Na tuigawe siku hivi.

Baada ya Alfajiri. Mtoto aliyetimiza miaka 7 aamshwe kwa upole aswali, kwani huo ndio umri tulioelekezwa kuwaamrisha swala. Aliye chini ya hapo aachwe alale mpaka aamke mwenyewe. Wakishastaftahi, wakae robo saa kwa Qur'ani. Tunasema robo saa kwa kukusudia, na iwe ni kurudia sura walizokwisha kuzijua, bila ya somo jipya. Kidogo kinachodumu kila siku kwa miezi miwili chamtosha mtoto asisahau.

Kisha ije kazi moja ya nyumbani, kwa kadiri ya umri wake. Wa miaka 4 aweza kupanga viatu mlangoni na kuambua mbaazi. Wa miaka 6 aweza kuchambua mchele kwenye ungo na kumenya kitunguu thomu. Wa miaka 8 au 9 aweza kufua fulana yake, kufagia ua, na kukanda unga wa mahamri chini ya jicho la mama. Wavulana na wasichana ni sawa katika hili, kwani Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake. Kazi ikimalizika, mpaka Adhuhuri nafasi ni yao.

Baada ya Adhuhuri. Jua la kaskazi saa hiyo halina huruma. Waswali, wale, kisha walale kailula. Asiyetaka kulala halazimishwi, lakini sharti ajilaze na kitabu au akae kimya hata kwa saa moja. Mama naye ajilaze. Saa hii moja ya utulivu humwezesha mama kufika Isha bila ya kupandisha sauti.

Baada ya Alasiri. Jua limepungua, na huu ndio wakati wa nje: kuruka kamba, gololi, mdako, kujificha, mpira wa matambara, kurusha tiara. Watu wazima wasiwapangie mchezo wala wasiwaamulie kila ugomvi. Watoto wakibishana nani ametoka na nani hajatoka, huko ndiko wanakojifunza uadilifu, subira na kuomba radhi.

Magharibi. Tumeelekezwa na Mtume (S.A.W.) kuwaingiza watoto ndani usiku unapoingia. Adhana ikilia, mchezo umekwisha na hakuna mjadala. Faida ya kuwa na mpaka uliowekwa na dini ni kwamba mama haonekani ndiye mkatili. Baina ya Magharibi na Isha uwe wakati wa baba na wa wazee wa nyumba: kula pamoja, vitendawili, hadithi za Abunuwasi na Sungura, visa vya Mitume. Baada ya Isha, kulala.

Mzazi ataona kwamba katika siku nzima tumepanga mambo machache sana. Hayo machache yakishikwa kila siku bila ya kuyumba, mengine yote yaweza kuachwa wazi.

“Sina la kufanya”

Siku tatu au nne za mwanzo zitakuwa nzito. Mtoto aliyezoea kuendeshwa kwa kengele hatajua afanye nini na asubuhi tupu. Atazunguka nyumba nzima akilalama kwamba hana la kufanya. Hapo ndipo wazazi wengi hushindwa wakampa simu, na simu ikishaingia mkononi huijaza nafasi yote tuliyoiacha wazi kwa ajili yake.

Ushauri wetu ni mama asiogope malalamiko hayo wala asikimbilie kuyatibu. Amjibu kwa neno jema na fupi, kisha aendelee na kazi yake. Kutokuwa na la kufanya ndiko kunakomsukuma mtoto kubuni. Badala ya vitu vya kuchezea vya bei, awekewe pembe moja ya ua au ya chumba yenye vikorokoro: leso kuukuu, maboksi, vifuu vya nazi, kamba, njiti za makuti, chaki, sufuria lililotoboka. Kwa leso mbili na viti vine watajenga nyumba. Kwa vifuu viwili na kamba watatembea kama majitu. Kwa njiti za makuti, karatasi na uzi, tiara itaruka. Uchafu utakuwepo, na kabla ya Magharibi waufagie wenyewe.

Ama simu na televisheni, hatusemi zifungwe kabisa katika zama hizi. Tunasema ziwe na wakati wake mmoja unaojulikana, mfupi, mahali ambapo mtu mzima anaona kinachotazamwa. Zisiwe za asubuhi, zisiwe za wakati wa kula, wala zisiwe malipo ya kunyamaza. Na mtoto hatauacha mtandao kwa kuambiwa na baba ambaye mwenyewe hainui macho kwenye simu yake.

Jambo moja kwa juma

Katika juma zima, jambo moja la nje latosha. Likizidi hapo, tumeirudisha kambi kwa mlango wa nyuma.

Tunaoishi mwambaoni tuna madrasa ambayo haitozi ada, nayo ni bahari. Mfundisheni mtoto mwezi wa Kiislamu kwa maji. Siku za mwandamo na siku za mwezi mpevu, karibu na zile siku nyeupe ambazo wengi wetu hufunga sunna, ndipo lijapo bamvua. Maji hujaa sana na hupwa sana, tofauti ya takriban mita 3 baina ya kujaa na kupwa, na aghalabu hupwa kabla ya Adhuhuri. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu. Mtoto akitembea juu ya mwamba siku ya bamvua pamoja na baba au ami yake, akaona kaa, kiti cha pweza na kombe, kisha usiku akaonyeshwa mwezi ulioyavuta maji hayo, atakuwa amesoma kalenda, elimu ya viumbe na tauhidi kwa siku moja, bila ya kujua kwamba alikuwa darasani.

Walioko Mombasa waweza kwenda Mama Ngina jioni kuzitazama meli zikiingia Kilindini, na kuhesabu bendera. Waweza kupita Mji wa Kale wakaiona Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mtoto akaambiwa kwa nini kuta zake ni nene namna ile. Walioko Malindi na Watamu wana magofu ya Gedi, ambako misikiti na visima vya wazee wetu wa kale vingali vinaonekana. Walioko Lamu wakae tu gatini, waangalie mashua zinavyopakia na kupakua.

Juma jengine jambo hilo liwe ni kuunga jamaa: kwenda kwa shangazi aliye mbali, kumzuru mgonjwa, kumpelekea jirani sahani ya kaimati. Mtoto achukue sahani hiyo kwa mikono yake mwenyewe, abishe hodi, atoe salamu.

Kuacha nafasi si kuacha malezi

Twajua litakaloulizwa. Dunia imeharibika, Sheikh, mtoto ataachwaje? Hofu hiyo ni ya haki, nasi hatumwambii mzazi afumbe macho. Mtoto akijipangia mchezo wake, mzazi bado ndiye anayechunga mipaka, na mipaka iwe michache na migumu.

Baharini hakuna mtoto aendaye bila ya mtu mzima anayejua kuogelea, na mtu huyo asiwe ni mtoto mwenzake mkubwa. Maji ya bamvua hurudi upesi na huzingira mwamba mtu asipotazamia. Visima na mapipa ya maji yafunikwe. Jiko la makaa, karai la mafuta na dawa ziwe mahali mkono mdogo haufiki. Mama anayepika biashara awe na mstari uliochorwa kwa chaki sakafuni, na mtoto ajue kwamba mstari huo havuki.

Watoto wajue nyumba wanazoruhusiwa kuingia, kwa majina yake, na zisizidi chache. Wajue pia, kwa lugha nyepesi na bila ya vitisho, kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kugusa tupu zao wala kuwataka wamfiche mama jambo, awe ni jirani, jamaa au mwalimu. Mtoto akija na habari kama hiyo, asikilizwe na aaminiwe, asinyamazishwe kwa kuogopa aibu. Tunalisema hili wazi kwa sababu kulinyamazia kumewaumiza wengi. Na hatari hii ipo kambini kama ilivyo mtaani. Ada kubwa siyo kinga.

Mama afanyaye kazi

Huenda dada zetu wanaotoka nyumbani asubuhi kwenda ofisini, hospitalini, sokoni au shuleni watasema makala hii haiwahusu. Inawahusu, lakini wao hawawezi kuitenda peke yao.

Zamani mtoto hakulelewa na mama mmoja. Alilelewa na mtaa, na jirani alikuwa na idhini ya kumkanya. Tukitaka kulirudisha hilo, na tulirudishe kwa mpango. Nyumba nne zinazoaminiana zikubaliane zamu. Kila nyumba ichukue watoto wote asubuhi moja katika juma, na asubuhi tatu zinazobaki mama wa nyumba hiyo awe huru kwa kazi yake. Asiyeweza kutoa asubuhi kwa sababu ameajiriwa, atoe mchele na nazi, au achukue jioni, au Jumamosi. Yaandikwe hayo tangu mwanzo: nani, siku gani, chakula cha nani, na simu haitolewi. Mengi ya magomvi ya majirani hutokana na mambo ambayo kila mmoja alidhani mwenzake ameyafahamu.

Bibi nao wana haki yao. Kumletea mama mzazi, mwenye maumivu ya magoti, wajukuu sita kwa miezi miwili kwa kuwa hana kazi, si ihsani. Aulizwe anaweza nini. Huenda akasema niletee wawili, siku mbili, na mtu wa kunichotea maji. Basi iwe hivyo, na kwa shukrani.

Na akina baba! Msomaji ataona kila tulipotaja kazi tumemtaja mama, kwa kuwa ndivyo hali ilivyo, wala siyo kwamba ndivyo ipasavyo. Baba anayerudi baada ya Alasiri aweza kukaa barazani watoto wakicheza, badala ya kuikalia baraza ya mtaa mwengine. Asubuhi ya Jumamosi au Jumapili aweza kwenda na watoto pwani ili mama alale. Haya hayahitaji pesa.

Ama ambaye hana jirani wa kumwamini, wala jamaa, wala ruhusa kazini, na hana budi kumpeleka mtoto kambini, asione haya na asilaumiwe. Atafute ya nusu siku kama ipo, na kwa majuma machache badala ya likizo nzima. Afike mwenyewe aone vyoo, maji, kivuli, na idadi ya watoto kwa kila mwalimu, na aulize kama kuna wakati wa kucheza. Mtoto akirudi, asipewe kazi nyengine ya masomo.

Neno kwa walimu wenzetu

Tuliopewa amana ya kusomesha madrasa, tusiifanye likizo kuwa muhula wa nne. Saa moja na nusu ya asubuhi, siku nne kwa juma, yatosha kwa watoto wadogo. Lengo letu siyo mtoto amalize juzuu nyingi kabla ya Januari. Lengo ni kwamba atakapofika miaka 15 au 20, akiisikia Qur'ani, moyo wake ukunjuke. Mtoto aliyeihusisha Qur'ani na kunyimwa mchezo, twamtafutia sababu ya kuiacha siku atakapokuwa na hiari yake. Na mzazi asiye na ada ya likizo, mtoto wake asionyeshwe kwa neno wala kwa uso kwamba amebaki nyuma.

Ndugu wasomaji, kabla shule hazijafungwa, kaeni mume na mke, au mama na bibi, na karatasi moja. Andikeni mambo haya tu: robo saa ya Qur'ani itakuwa baada ya nini, kila mtoto kazi yake ya nyumbani ni ipi, simu ni saa ngapi na kwa muda gani, nyumba zipi zinaruhusiwa, na majuma manane ya likizo, kila juma jambo lake moja. Karatasi hiyo ibandikwe jikoni. Mkiona imejaa upande wa pili, jueni mmezidisha, na mfute.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, awahifadhi barani na baharini, awape akina mama nguvu na subira, na awape akina baba hamu ya kukaa na wana wao wangali wadogo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.